Huko Visiwani Kuna Watu Gani? Jibu Refu kwa Mama Mmoja wa Parokia Yetu



Mwezi Januari, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yetu alitufuata ofisini. Kijana wake alikuwa amepata kazi ya jikoni katika hoteli ya watalii kisiwani Unguja, na nauli ilikuwa imekwisha kupatikana kwa kuuza magunia mawili ya alizeti. Mama huyu hakuja kuomba fedha wala barua ya utambulisho. Alikuja na swali moja tu: "Baba Paroko, huko visiwani kuna watu gani? Watamwacha mwanangu asali?" Siku ile tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni, pikipiki ikiwa tayari inanguruma uani, nasi tukamjibu kwa maneno mawili: usiogope mama, kanisa lipo. Alishukuru kwa heshima, akaondoka. Lakini tulimwona usoni kwamba jibu letu halikumtosha, na tangu siku ile dhamiri yetu imetusumbua. Juma hili, basi, tunaomba mtuvumilie tumjibu kwa kirefu.

Tunamjibu hadharani kwa sababu swali lake si lake peke yake. Vijana wetu wengi wanakwenda Unguja na Pemba kutafuta riziki, na maneno yanayosemwa vijiweni juu ya visiwa hivyo tumeyasikia. Inasemwa kwamba Waislamu wa kule ni Waarabu, na kwamba Mkristo wa kule ni mtu wa bara aliyepotea njia. Watu wanaona kana kwamba bahari ile imechimbwa na Mungu makusudi ili kutenganisha mataifa mawili na dini mbili. Usemi huu una ladha ya hekima, lakini historia inaukataa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na bahari yenyewe. Upande wa kusini-mashariki wa Unguja liko pango liitwalo Kuumbi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba humo wakakuta mifupa ya wanyama na zana za wawindaji waliokaa pale miaka ipatayo 20,000 iliyopita. Katika nyakati hizo maji ya bahari yalikuwa chini sana kuliko leo, na Unguja haikuwa kisiwa, bali sehemu ya bara. Watu wa kwanza wa Unguja tunaowajua, kwa hiyo, hawakuvuka kwa jahazi. Walikwenda kwa miguu. Ndipo bahari ikapanda, nchi ikakatika, na baada ya karne nyingi wakaja wakulima na wavuvi wa jamii ya Kibantu kwa mitumbwi. Pale Unguja Ukuu palikuwa na makazi ya watu kabla Uislamu haujakita mizizi visiwani, watu waliofinyanga vyungu vinavyofanana na vile vya pwani ya bara, na ambao tayari walikuwa wakipokea bidhaa kutoka Ghuba ya Uajemi na kwingineko.

Dini yao ilikuwa ipi? Hawakuandika kitabu. Lakini mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii na kuondoka mara ya mwisho mnamo mwaka 916, alitaja kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba. Aliwakuta huko Waislamu wakiishi pamoja na Wazanji wasio Waislamu. Tafadhali tuutafakari mwaka huo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika kisiwa kimoja kidogo, watu wa imani mbili walikuwa wakichota maji pamoja. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 ya kwetu. Sehemu kubwa ya jengo imejengwa upya baadaye, lakini maandishi yale yangalipo. Kwa hiyo Uislamu wa visiwani si mgeni wa juzi, wala haukuletwa na Masultani wa Omani, ambao walikuja karne nyingi baadaye.

Wenyeji wa visiwa, yaani Wahadimu wa Unguja, Watumbatu na Wapemba, wamezoea kujiita Washirazi, wakisema mababu zao walitoka Uajemi. Habari za kale za Kilwa nazo zinasimulia juu ya mkuu wa Shirazi na wanawe waliokuja kwa majahazi saba. Kwa miaka mingi wasomi waliicheka hadithi hii, wakasema ni majivuno ya watu waliotaka kuonekana si Waafrika. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yake yaliwanyamazisha wote waliokuwa wakibishana. Kwa wengi wa watu hao wa miji, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na asili hiyo ilitoka hasa kwa akina mama. Upande wa akina baba kulikuwa na damu nyingi ya Asia, na kubwa zaidi ilikuwa ya Kiajemi. Kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000 hivi, na damu ya Kiarabu ikaongezeka baada ya mwaka 1500. Basi bibi aliyekuwa akisimulia habari za Shirazi hakusema uongo. Alisahau tu kumtaja bibi yake mwenyewe.

Ushirazi huo haukufuta mila za kabla yake. Kila mwaka, mwezi Julai, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya inayofuata hesabu ya Kiajemi, yaani Nairuzi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kuondoa chuki za mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na chakula huliwa na kila apitaye. Wote hao ni Waislamu. Sisi tuliokulia katika nchi ya matambiko ya mvua hatuna haja ya kushangaa, kwa maana hapa Singida pia tunajua jinsi desturi ya wazee inavyokaa kimya nyuma ya nyumba hata baada ya ubatizo.

Katika karne ya 19 visiwa vilipokea dini nyingi kwa mara moja, kuliko pengine popote katika Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1840 Sayyid Said wa Omani alihamishia makao yake Unguja, akahimiza kilimo cha karafuu. Yeye na ukoo wake walikuwa Waibadhi, madhehebu yaliyo tofauti na Usunni wa Kishafii wa wenyeji. Mtawala, basi, alisali katika madhehebu yasiyo ya raia zake, wala hakuwalazimisha kumfuata. Kutoka Bara Hindi walikuja Wahindu waliosimamia forodha na kukopesha fedha, pamoja na Maismailia, Mabohora na Waithnaasheri, ambao ni Waislamu wa Kishia wa matawi mbalimbali. Walikuja Waparsi, wafuasi wa Zoroasta. Vijana wetu wapenda muziki labda watafurahi kujua kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Kiingereza, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Kutoka visiwa vya Ngazija walikuja masharifu na wanavyuoni, na mmoja wao, Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa kadhi mwenye sifa kubwa. Na kutoka Goa walikuja Wakatoliki, mafundi cherehani, makarani na wapiga muziki. Wagoa hao walikuwa nguzo ya kanisa la mjini kwa muda mrefu, nao walikuwa watu wa Asia.

Lakini Wakatoliki hao hawakuwa wa kwanza, na hapa hatuna budi kusimulia jambo ambalo Wakristo hatupendi kulikumbuka. Wareno walifika katika bahari hii mwaka 1498. Mwaka 1503 nahodha wao Ravasco aliivamia Unguja akalazimisha mtawala wake kulipa kodi. Msalaba ulikuja katika jahazi moja na mzinga. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuja baadaye, na kanisa dogo likajengwa mjini Unguja. Mabaki yake yamo ndani ya kuta za Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga juu yake baada ya kuwafukuza Wareno.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea katika kisiwa cha Mombasa. Mtoto wa mfalme, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mdogo baada ya baba yake kuuawa. Alilelewa na Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudi kuwa mfalme Mkristo. Makapteni wa Kireno hawakumheshimu. Mwezi Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na katika siku zilizofuata Wakristo waliokataa kuikana imani waliuawa, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake. Kanisa huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Tunawaheshimu kwa moyo wote, na hasa wale wenyeji ambao hawakuwa na meli ya kuwachukua wala mfalme wa Ulaya wa kuwalilia. Lakini haki inatudai tuseme pia kwamba mfalme yule kijana alifundishwa Injili na mapadre, kisha akaonyeshwa dharau na watu waliokwenda Misa pamoja naye. Mafundisho yote ya Goa hayakuweza kusimama mbele ya dharau ile. Kuanguka kwa Ngome ya Yesu mikononi mwa Waomani mwaka 1698 kulimaliza ukristo ule wa kwanza, na kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini hapakuwa na misioni ya Kikatoliki Unguja.

Sasa turudi kwetu, kwa maana njia ya visiwani ilipita hapa. Kusini mwa mkoa wetu, katika nchi ya Manyoni na Itigi, ndiko lilikokuwa pori ambalo wasafiri wa misafara waliliita Mgunda Mkali. Lilikuwa pori kavu la vichaka lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako watu walikufa kwa kiu. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita humo, ikibeba nguo, shanga na bunduki kwenda bara, na kurudi na meno ya tembo. Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wengi wanadhani kila aliyebeba mzigo katika njia hiyo alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa ujira, na baadhi yao walifika Pwani na Unguja, wakakaa huko, wakaoa. Watumwa walikuwamo, lakini waliouzwa Unguja kwa wingi zaidi walitoka kusini, pande za ziwa Nyasa, kwa njia ya Kilwa. Kwa njia ile ile ya misafara ndivyo Uislamu ulivyofika bara, ukichukuliwa na wafanyabiashara, wapagazi na baadaye masheikh wa tarika. Ndugu zetu Wanyaturu Waislamu, ambao tunazika nao na kuoana nao, imani yao ilikuja kwa miguu kupitia pori hili. Na ya kwetu vilevile, kama tutakavyoona.

Kuhusu biashara ya watumwa tunaomba tusikilizwe vizuri, maana hapa ndipo maneno ya vijiweni yanapokuwa makali. Ni kweli kwamba soko la watumwa lilikuwa Unguja, na kwamba Waarabu na Waswahili Waislamu waliifanya biashara ile, wakiwategemea pia watemi wa bara waliouza mateka wao. Lakini wanunuzi walikuwa akina nani? Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa, ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Wenye mashamba hayo walikuwa Wakatoliki. Walibatiza watoto wao, walisikiliza mahubiri ya Pasaka, na Jumatatu walirudi shambani na mjeledi. Atakayesema utumwa ulikuwa dhambi ya dini moja, na ahesabu kwanza meli zilizotoka Kilwa zikielekea Réunion.

Na ni kutoka Réunion hiyo hiyo ndiko Kanisa lilikotujia. Huko utumwa ulikomeshwa mwaka 1848. Mwaka uliofuata lilianzishwa shirika la masista, Mabinti wa Maria, ambalo liliwapokea katika nyumba moja wasichana wa kizungu na wasichana weusi waliokuwa wameachwa huru. Kwa nyakati zile jambo hilo lilikuwa kashfa. Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava, makamu wa Askofu wa Réunion, alishuka Unguja pamoja na mapadre wenzake na masista wa shirika hilo, wakaadhimisha Misa ya Noeli. Sultani Majid, mwana wa Sayyid Said, aliwaruhusu. Hawakuanza kwa kuhubiri sokoni. Walianza na hospitali na karakana za ufundi, na wagonjwa waliotibiwa walikuwa wa dini zote. Mwaka 1863 kazi ilichukuliwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo.

Wakristo wa kwanza wa misioni hiyo hawakuwa waongofu wa mahubiri, bali watoto walionunuliwa sokoni ili wawe huru. Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Watoto wale waliokolewa kweli, nao walifundishwa kusoma, useremala na kilimo, lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka kubatizwa, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Kanisa letu la Afrika Mashariki lilianza na yatima wa makabila kumi tofauti, wasio na ukoo, katika mji wa watu wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi kwa kusukumwa na Waingereza, na penye soko lile, pale Mkunazini, ndugu zetu Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897.

Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walikusanya msafara wao wa kwanza Unguja na Bagamoyo, wakashika njia ya bara. Mmoja wa wakuu wao, Padre Pascal, alikufa kwa homa mwezi Agosti kabla ya kufika Tabora. Waliobaki walisonga mbele kupitia Mgunda Mkali. Jimbo letu la Singida lilizaliwa mwaka 1972, lakini njia iliyoleta Injili katika nchi za kati ilianzia kwenye gati ya Sultani Mwislamu, na waliobeba mizigo ya altare walikuwa wapagazi wale wale waliobeba pembe za ndovu.

Visiwa vilitupatia kitu kingine ambacho tunakitumia kila siku bila kukitambua. Mama wa swali letu anaposali Rozari, anasema "salamu," "neema," "Amina." Anapokwenda kuungama, anataja "dhambi" na kuomba "toba" na "rehema." Padre anapomimina divai, tunaiita "sadaka." Hata neno "kanisa" limetoka katika Kiarabu. "Misa," "Padre" na "Kwaresima" ni mabaki ya Wareno. Mungu tunamwita kwa jina la Kibantu, ambalo Mwislamu wa Pemba na Mkatoliki wa Ilongero wote hulitumia. Kiswahili hiki tunachosalia ni Kiswahili cha Unguja. Askofu Mwanglikana Edward Steere alikichunguza na kukichapisha huko katika karne ya 19, akisaidiwa na wenyeji Waislamu, na Padre Sacleux wetu alitumia miaka mingi kukiandikia kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifu lugha, na lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi ni ya Unguja mjini. Tukiwaondoa Waislamu wa visiwani katika sala zetu, tutabaki na altare na kinywa kilichofumba.

Tunajua kwamba mama yetu hataridhika na habari za kale tu, kwa sababu hofu yake ni ya leo. Basi tuseme na hayo.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwaga damu ya maelfu, hasa ya Waarabu, na wengine wakakimbia nchi. Watu wengi hudhani vilikuwa vita vya dini. Aliyejitangaza kuwa kiongozi wake, John Okello, alikuwa Mkristo kutoka Uganda, lakini wengi wa walioshika silaha walikuwa Waislamu, na wengi wa waliouawa walikuwa Waislamu. Sababu ilikuwa ardhi, utawala, rangi na kumbukumbu ya utumwa. Baada ya hapo Wahindi na Wagoa wengi walihama, na viti vya kanisa la Minara Miwili vikabaki na nafasi tupu, hadi vilipojazwa polepole na askari, walimu, makuli na wahudumu wa hoteli kutoka bara. Zanzibar ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1980. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu 1,889,773, pungufu kidogo ya wakazi wa mkoa wetu. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya mwaka 1967, lakini kila mtu ajua kwamba Wakristo huko ni wachache sana.

Na miaka michache ilikuwa mibaya. Mwezi Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Noeli mwaka huo Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akapona. Tarehe 17 Februari 2013, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi alipokuwa akiwasili kuadhimisha Misa, akafa. Mwezi Septemba padre mwingine mzee alimwagiwa tindikali. Katika parokia zetu za bara tulilia kwa ajili ya mapadre, na tulikuwa na haki. Lakini ni wangapi kati yetu waliomwombea Sheikh Soraga? Sisi tunaoandika haya hatukumwombea. Tulisikia habari zake redioni, tukazima, tukaenda kula. Aliyemwagiwa tindikali wa kwanza katika orodha ile alikuwa Mwislamu, naye aliumizwa katika kisiwa kile kile na katika majira yale yale ya chuki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutufundisha mwaka 1965, katika tamko lake juu ya dini zisizo za Kikristo, kwamba Kanisa huwatazama Waislamu kwa heshima. Hati hiyo tuliisoma seminarini na kuifanyia mtihani. Tulifaulu.

Hivyo basi, mama, jibu letu ni hili. Huko kuna wajukuu wa wawindaji waliokwenda kwa miguu, wa wavuvi wa Kibantu, wa mabaharia wa Kiajemi, wa Waarabu wa Omani, wa Wangazija, wa Wahindi, wa watumwa wa Nyasa na wa wapagazi waliopita Manyoni. Wengi wao husali mara tano kwa siku. Kuna wachache wenye chuki, kama walivyo hapa. Kanisa lipo: Minara Miwili mjini, na parokia nyingine mashambani na Pemba. Mwanao atakapokwenda Misa Jumapili atawakuta watu wa Moshi, wa Songea, wa Tabora, na pengine wa Iramba.

Kijana amekwisha kufika. Amepanga chumba Ng'ambo, katika nyumba ya mzee mmoja mwenyeji na mkewe. Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani yao zimekutana, na juma hili alitutumia ujumbe kwa simu. Anasema mwenye nyumba amemwalika kufuturu pamoja nao siku ya Ijumaa, kwa kuwa wameona kwamba naye anafunga. Anauliza kama anaruhusiwa kwenda, na kama kutakuwa na nyama afanyeje.

Tulimjibu kwamba aende, awaeleze kwa unyenyekevu kwamba Ijumaa ya Kwaresima hali nyama, nao watamwelewa upesi kuliko anavyodhani. Tena tukamwambia asiende mikono mitupu, anunue tende.